Mvuke Ukirudi Kuwa Maji, Je, Ni Maji?



Naomba niseme mapema kwamba somo la safari hii limetokana na kosa langu mwenyewe. Nililifanya mbele za watu, kwa hiyo nimeona nilirekebishe mbele za watu.

Wanaoishi Ruti wanakijua kiangazi cha mwezi wa saba. Mabomba ya hosteli yetu yalikuwa makavu siku mbili, na kwenye madumu yalibaki maji ya kunywa tu, tena kidogo. Maghrib ikaingia. Mwenzetu mmoja anayesomea ualimu wa sayansi alikuwa na dumu la lita tano za maji meupe kabisa, yaliyobaki kwenye mazoezi ya maabara. Maji ya namna hiyo hupatikana kwa kuchemsha maji, kuupitisha mvuke wake kwenye mrija uliopozwa, kisha kukinga matone yanayotoka upande wa pili. Aliliweka dumu katikati ya chumba akaniuliza, "Ustadhi, tutawadhe kwa haya?"

Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, basi hosteli nzima wananiita Ustadhi. Jina hilo lina hatari yake, maana mtu akikuita hivyo unaona aibu kusema sijui. Nikakumbuka mlango wa twahara katika Matni ya Abu Shujaa tuliyohifadhi madrasa. Mle maji yanayotwaharisha yametajwa saba: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Mvuke haumo. Nikajibu bila kusita: haya si maji mutlaq, hili ni jasho la mvuke, tutayamamu.

Kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa karibu na mlango akauliza kwa sauti ndogo, "Na mvua, Ustadhi, si ni mvuke uliorudi?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda, nikamwambia akasome kwanza. Tukapiga viganja kwenye udongo, tukaswali Maghrib, na baadaye Isha, watu saba, na dumu liko pale pale ukutani. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichozidi sana theluthi mbili za lita. Lita tano zingetutosha sote saba.

Joto na halijoto

Swali la yule kijana lilininyima usingizi. Jumamosi iliyofuata nikamwendea mwenye dumu, nikamwomba anionyeshe kinachotokea. Tukawasha sigiri nyuma ya hosteli, tukabandika sufuria yenye lita mbili za maji, tukatumbukiza kipimajoto.

Hapa lazima tutenganishe maneno mawili ambayo lugha yetu imetupa tayari, ila tunayachanganya. Halijoto ni ule ukali wa moto au wa baridi ya kitu, unaosomwa kwa nyuzi. Joto ni nishati yenyewe inayoingia ndani ya kitu au kutoka. (Kwa hiyo hata jina "kipimajoto" linatupotosha kidogo, kwa sababu kinachosomwa pale ni halijoto.) Ndoo ya maji ya vuguvugu ina halijoto ya chini kuliko kikombe cha chai ya moto, lakini makaa yaliyotumika kuipasha ndoo ni mengi zaidi.

Kipimajoto chetu kilianza kwenye nyuzi 22. Kikapanda: 40, 60, 80. Kilipofika 95 maji yakaanza kutokota kwa mapovu makubwa, na kipimo kikasimama. Nikaongeza makaa, nikapepea. Mapovu yakazidi fujo, sufuria ikatikisika, lakini ile 95 haikusogea. Nilidhani kipimajoto kimekufa.

Hakikufa. Kuna mambo mawili hapa, na la kwanza ni jepesi. Vitabu vya shule husema maji huchemka kwa nyuzi 100, na ni kweli kwa mtu aliyeko Mombasa au Dar es Salaam, pwani. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuusukuma uzito wa hewa iliyo juu yake. Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa iliyotuelemea ni nyepesi kidogo, basi maji hayahitaji kufika 100. Ukipanda Rwenzori hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, maji yatachemka kwenye nyuzi 83 hivi. Huko ukibandika maharage utangoja sana.

La pili ndilo lililonifungua macho. Ikiwa moto unaendelea kuwaka na halijoto haipandi, joto linakwenda wapi?

Chembe za maji zimeshikana. Katika barafu zimeshikana kwa mpango, kila moja mahali pake, ikitikisika bila kuhama. Katika maji bado zimeshikana lakini zinateleza, ndiyo maana maji huchukua umbo la chombo. Katika mvuke zimeachana kabisa, kila moja na njia yake. Ili kuziachanisha lazima ulipe, na malipo ni joto. Joto hilo haliongezi ukali wa maji, linatumika lote kukata ule mshikamano. Wataalamu huliita joto fiche, kwa sababu limeingia na kipimajoto hakilioni.

Nalo si dogo. Kuipandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunahitaji kilojuli 315 hivi. Kuigeuza lita hiyo hiyo yote kuwa mvuke, ikiwa tayari imeshachemka, kunahitaji karibu kilojuli 2,270, yaani zaidi ya mara saba! Naomba msomaji aikumbuke hesabu hii, kwa sababu nitairudia nitakapofika nyumbani kwetu.

Joto fiche hilo halipotei. Mvuke ukigusa kitu baridi, chembe zinashikana tena na kuyarudisha malipo yote. Ndiyo sababu mvuke wa sufuria huunguza mkono vibaya kuliko maji yanayochemka yenye halijoto ile ile. Tulilijaribu hili pia. Tuliweka jiwe katikati ya sufuria na bakuli juu ya jiwe, tukakigeuza kifuniko ili kishikio chake kielekee kwenye bakuli, kisha tukamwaga maji baridi juu ya kifuniko. Mvuke ukipanda unakuta kifuniko baridi, unageuka matone, matone yanafuata kishikio na kudondoka bakulini. Katika nusu saa yale maji ya juu ya kifuniko tuliyabadilisha mara tano, kwa sababu kila mara yalipata moto. Hayakuguswa na makaa hata kidogo. Joto lao lililetwa na mvuke.

Mwisho tukapima kwenye mizani ya mwuza maharage jirani, ambaye alitutazama kama watu waliokosa kazi. Sufuria ilikuwa imepungukiwa na takriban gramu 600. Bakuli lilikuwa limepata karibu 500, na zilizobaki tuliziona kwa macho zikitoroka pembeni mwa kifuniko.

Niongeze kwamba maji hayangoji nyuzi 95 ili yageuke mvuke. Nguo tunazoanika hapa Ruti hukauka bila kuchemka. Chembe chache zenye mbio zaidi huruka kutoka juu ya maji wakati wote, na zinapoondoka huchukua joto kutoka kwa zilizobaki. Mtungi wa udongo huyapoza maji kwa njia hiyo hiyo: maji yanajipenyeza kwenye udongo, yanakauka nje, na joto la kukaukia linatolewa ndani ya mtungi. Ukitawadha alfajiri halafu upepo wa Mto Rwizi ukupige mikononi, ile baridi unayoihisi ni joto la ngozi yako linalochukuliwa na maji yanapoondoka.

Walivyosema wanazuoni

Nikarudi kwenye vitabu, safari hii kwa unyenyekevu. Nikafungua Mughni al-Muhtaj cha Khatib Shirbini, mwanachuoni wa Kishafi wa Misri aliyefariki mwaka 977 Hijria, sawa na 1570 Miladia. Katika kueleza maana ya maji mutlaq anaingiza moja kwa moja maji yanayotokana na mvuke wa maji yaliyochemshwa. Anataja kwamba Imamu Rafi'i alisema wanazuoni wengi wa madhehebu walilipinga jambo hilo, hoja yao ikiwa kwamba kitu hicho watu hukiita mvuke au jasho, hawakiiti maji. Kwa hiyo kauli yangu ya hosteli ilikuwa na wenyewe, ingawa mimi sikuwajua. Lakini kauli inayotegemewa, aliyoisahihisha Imamu Nawawi, ni kwamba yanatwaharisha. Na sababu? Kwamba kwa hakika yake ni maji, na kwamba yale yaliyobaki chomboni hupungua kwa kadiri ya yale yaliyopanda.

Nilikaa kimya pale maktaba. Mashekhe wale hawakuwa na maabara, lakini walichokifuata ni kile kile tulichokiona kwenye mizani ya mwuza maharage: kilichopungua huku kimeonekana kule. Kitu hakikugeuka kuwa kitu kingine, kilibadilisha hali tu.

Kisha nikairudia ile orodha ya saba niliyojificha nyuma yake. Ya kwanza ni maji ya mvua. Jua hupiga bahari, Ziwa Viktoria, mabwawa ya hapa kwetu na majani ya migomba, mvuke unapanda, unakutana na baridi huko juu, unakuwa matone, unarudi. Sura ya An-Nur, aya ya 43, inatuelekeza tuyatazame mawingu yanavyosukumwa, yanavyounganishwa na kurundikwa, kisha mvua inavyotoka katikati yake, na mvua ya mawe pia. Sura ya Al-Furqan, aya ya 48, inayaita maji yateremkayo kutoka juu kuwa ni twahara. Mimi si mpenzi wa mtindo wa kuigeuza kila aya kuwa ukurasa wa kitabu cha fizikia. Lakini aya imeniambia nitazame, na kijana wa mwaka wa kwanza alikuwa ametazama, mimi nilikuwa nimehifadhi tu.

Katika ile saba, mbili za mwisho zilikuwa zikinieleza jambo lile lile kutoka upande wa baridi. Theluji na mvua ya mawe ni maji yaliyoganda, na katika dua mojawapo ya kufungulia swala tunaomba tuoshwe makosa yetu kwa maji, theluji na mvua ya mawe. Wanazuoni wakauliza: mtu akiwa na barafu tu, atatawadhaje? Nawawi anaeleza katika Majmu' kwamba ikiyeyuka na kutiririka juu ya kiungo, kuosha kumepatikana. Ikipitishwa tu bila kutiririka, haitoshi kwa viungo vya kuoshwa, ila inafaa kwa kupaka, kama kichwani. Anataja kwamba imesimuliwa kutoka kwa Awza'i kuwa aliruhusu hata bila kutiririka, naye anaidhoofisha kauli hiyo, kwa sababu huko hakuitwi kuosha. Kwa ufupi, barafu lazima ilipiwe joto lake kwanza, nalo litatoka mwilini mwako. Kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri huhitaji kilojuli 334 kuwa maji ya nyuzi hizo hizo sifuri, karibu sawa na kuyapasha maji hayo hadi nyuzi 80. Ndiyo sababu mvua ya mawe ikiangukia migomba ya Isingiro unaweza kuyakuta mawe chini ya majani muda mrefu baada ya jua kutoka.

Waganda wengi hawajui kama wana barafu ya kudumu nchini mwao. Ipo Rwenzori, ila inakwisha. Mwaka 1906 barafu ile ilifunika karibu kilomita 6.5 za mraba, na kufikia mwaka 2003 ilibaki chini ya kilomita moja ya mraba. Kilimanjaro nako inapungua, na sehemu ya barafu yake haipiti hata kwenye hali ya maji: juu kule kwenye baridi na ukavu, inageuka mvuke moja kwa moja.

Kuna pingamizi moja nililoletewa ambalo sitalipuuza. Ndugu mmoja alisema, "Lakini hivyo ndivyo wanavyopika waragi!" Ni kweli, njia ni ile ile. Pombe huchemka kabla ya maji, kwenye nyuzi 78 hivi pale pwani, kwa hiyo mchanganyiko ukipashwa moto pombe hutangulia kupanda kwa wingi. Hukumu inafuata kilichomo chunguni, haifuati mrija. Chungu chenye maji matupu hakiwezi kutoa kisichokuwamo. Mwingine akauliza kuhusu madumu yanayoachwa juani, kwa kuwa Mashafi wanayakirihisha maji yaliyopashwa na jua. Karaha hiyo wameiwekea masharti, likiwemo la kuwa chombo cha madini katika nchi ya joto kali. Dumu la plastiki halimo, na Nawawi mwenyewe aliona kwamba kwa upande wa dalili karaha haikuthibiti.

Nikampelekea mwalimu wangu kisa chote. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Maji yalikuwepo?" Nikasema yalikuwepo. "Mlijua yapo?" Tulijua. Akasema turudie swala, wote. Rakaa tatu za Maghrib na nne za Isha. Nilipita chumba kwa chumba kuwaambia wenzangu sita, na hakuna safari ndefu niliyowahi kuitembea ndani ya jengo moja kama ile.

Wa mwisho alikuwa yule kijana. Nilipomwomba radhi, nilimsimulia habari ya Erasto Mpemba, nami nitaisimulia hapa kwa sababu ni yetu, Afrika Mashariki. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye jokofu. Siku moja aliona nafasi kwenye jokofu inakwisha, akaweka yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia. Mpemba akauliza tena, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akalifanyia majaribio, na mwaka 1969 wakachapisha makala kwa majina yao wawili. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama jambo hilo hutokea kila mara na kwa sababu gani, uvukizi ukiwa mojawapo ya sababu zinazotajwa. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Sawa, Ustadhi. Basi na mimi niandikie makala." Ndiyo hii.

Sufuria ya Mama

Muhula ulipokwisha nikaenda nyumbani, Nakivale. Kwa wasioijua, ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, yaliyopo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo utakuta humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine. Sisi tulitoka Kivu. Mto Rwizi unaopita hapa Mbarara huelekea huko mashariki, kwenye mabwawa na maziwa ya Nakivale, Mburo na Kachera. Kwa hiyo, nikiwa Ruti, mimi niko juu ya mto na familia yangu iko chini yake.

Mama yangu huchemsha maji ya kunywa kila jioni, lita tano, sufuria wazi, na akishayaona yanatokota huyaacha nusu saa nzima. Utotoni nilidhani ndivyo dunia yote inavyofanya. Safari hii nilikaa jikoni nikitazama mvuke unavyotoka mlangoni, nikaona hesabu ya Ruti ikinijia kichwani.

Kuzifikisha lita tano kwenye kuchemka kunachukua kilojuli 1,575 hivi. Ndani ya ile nusu saa sufuria ya Mama hupoteza karibu lita moja kwa mvuke, yaani kilojuli 2,270. Makaa mengi zaidi yanateketea baada ya maji kuwa tayari kuliko kabla. Na ile nusu saa haiyafanyi maji yawe ya moto zaidi hata uzi mmoja. Vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuharisha hufa maji yakifika kwenye kuchemka, vingi vyao hata kabla. Shirika la Afya Duniani linasema kutokota kwa mapovu makubwa kunatosha. Kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani kinasema dakika moja, na dakika tatu kwa walio juu ya mita 2,000. Nakivale iko chini hata kuliko Mbarara, basi dakika moja inatosha.

Kuchemsha sana hakuondoi chumvi wala kemikali pia. Mvuke huondoka peke yake na kuviacha chini, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo vinavyozidi kukolea. Wachimba chumvi wa Katwe, kule Kasese, wanaishi kwa jambo hilo hilo: jua linachukua maji kwenye vidimbwi vyao, chumvi inabaki.

Nikamwambia Mama. Nilitumia maneno mepesi: Mama, yakishatokota yamekwisha kuwa tayari, funika sufuria tangu mwanzo, hesabu dakika moja, epua. Gunia la makaa litakufikisha mbali. Kuni nazo sasa zinatafutwa mbali, na wanaokwenda kuzitafuta ni wasichana wetu.

Alikuwa akichambua maharage. Hakuinua uso.

"Mwanangu, umesoma, sawa. Lakini aliyezika ni mimi."

Mdogo wangu alikufa kwa kuharisha tukiwa njiani kuja Uganda, nami nilikuwa na miaka sita. Baada ya hapo mtu mmoja wa afya alimwambia Mama achemshe maji vizuri. Hakumwambia dakika ngapi, basi Mama akaweka zake. Ile nusu saa ilikuwa ni yeye anamlinda kila aliyebaki. Mimi nilikuwa nimekuja na kilojuli.

Sikubishana. Kesho yake jioni nilikaa naye tena, tukafunika sufuria, tukangoja. Nilimwonyesha kifuniko kinavyocheza, nikakiinua akaona mapovu makubwa yakipanda kutoka chini kabisa. Nikamweleza kwamba hapo maji yamefika mwisho wa ukali wake, na hata tukichoma msitu mzima wa Isingiro chini ya sufuria hii hayatapanda tena, yatatukimbia tu. Akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza: "Na yakipoa, vijidudu havirudi?" Nikamjibu vinarudi, kwa kikombe kichafu na kwa mkono, kwa hiyo yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa, na yatolewe kwa kumimina bila kuchota.

Akafikiri. Hana saa, na simu yake mara nyingi haina chaji. Akasema dakika moja ni ndogo mno, moyo wake hautatulia, yeye ataweka tatu. Nikasema tatu ni sawa kabisa.

Dada yangu amenipigia wiki iliyopita. Kifuniko kinakaa juu tangu mwanzo. Maji yakianza kutokota Mama anasoma Suratul Fatiha mara tatu, kisha Ayatul Kursiy mara tatu, taratibu, halafu anaepua. Sijajua hizo ni dakika ngapi. Nikienda likizo nitapima, ila sitamwambia.